Gari Halinywi Maji

Kuna kauli moja inayotembea katika gereji za Baba Dogo, kuanzia zile zilizobanana kando ya barabara kuu ya mtaa, kupita Lucky Summer, hadi ng'ambo ya Kariobangi Light Industries. Fundi huitoa kwa upole, mkono mmoja ukiwa juu ya boneti: "Boss, hii gari ni ya zamani, lazima ikunywe maji kidogo." Mwenye gari huitikia, hununua chupa ya lita tano, huitia kwenye buti, na kila asubuhi kabla ya kutoka kwenye ploti hufungua rejeta na kumimina. Ukimuuliza habari za gari lake atakujibu kwamba halina shida yoyote, ila tu linakunywa maji.

Kauli hiyo ni ya uongo tangu neno la kwanza. Gari halinywi maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa: maji na kulanti huzunguka kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta na kurudi, na kiasi kinachopanuka kwa joto hukimbilia kwenye chupa ya akiba, kisha hurudi ndani injini ikipoa. Mfumo mzima hautoi kitu. Toyota wanasema kulanti yao ya rangi ya waridi inaweza kukaa ndani ya injini hadi kilomita 160,000 kabla ya kubadilishwa mara ya kwanza, na baada ya hapo kila kilomita 80,000. Hakuna mtengenezaji anayeweza kuandika hivyo juu ya kitu kinachotarajiwa kupungua kila asubuhi. Maji yakipungua, yametoka. Yakitoka, yana mahali yalipotokea, na mahali hapo panaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Watetezi wa kauli hiyo wana swali wanaloliona kuwa linafunga mjadala: kama gari linavuja, mbona chini hakuna hata tone? Tuhesabu. Tone moja la maji ni kama mililita 0.05. Mahali panapotoa tone moja kila baada ya sekunde 10 hupoteza matone 360 kwa saa, yaani mililita 18, kijiko kimoja cha mezani na ziada kidogo. Teksi inayounguruma saa 10 kwa siku itapoteza mililita 180, na ikifika siku ya sita ya kazi imepoteza zaidi ya lita moja. Gari dogo hubeba lita 4 au 5 tu katika mfumo wake wote. Kwa hiyo tone ambalo feni na upepo wa barabarani hulikausha juu ya chuma cha moto kabla halijagusa lami limekwisha kumaliza sehemu ya tano ya maji kwa wiki moja, na sakafu bado ni kavu. Ukavu wa sakafu hauthibitishi kwamba gari ni zima. Mara nyingi huonyesha tu kwamba tundu ni dogo na kwamba lilipo pana joto, na hizo tayari ni habari mbili za kumwelekeza fundi.

Wengine huja na jiografia. Hapa si Ulaya, wanasema. Kulanti ni dawa ya barafu, Nairobi haigandi, basi maji ya mfereji yanatosha na kupungua kwake si hoja. Nataka kuijibu hii kwa urefu, kwa sababu jiografia ya Nairobi inasema kinyume kabisa.

Ufuoni Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Baba Dogo iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Ukipanda hadi Limuru, penye zaidi ya mita 2,200, huchemka karibu na nyuzi 93. Sasa weka hayo kando ya injini. Thamostati nyingi za Toyota huanza kufunguka kwa nyuzi 82, na feni ya umeme kwa kawaida huwaka joto likishaingia kwenye tisini na kitu. Maana yake ni kwamba injini yenye afya hufanya kazi mlangoni kabisa mwa kiwango ambacho maji ya Nairobi yangechemka. Kinachoiokoa ni presha. Kifuniko cha rejeta chenye alama ya 1.1 hushikilia presha ya ziada ya kilopaskali 108 hivi, na chini ya presha hiyo maji yale yale, hapa hapa Baba Dogo, hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 118. Huo ndio ukingo wote wa usalama alionao dereva aliyekwama kwenye foleni ya Outer Ring saa nane mchana: nyuzi ishirini na kitu, zinazoshikiliwa na mipira, klipu na kifuniko.

Tundu dogo huondoa ukingo huo hata kama limetoa kijiko kimoja tu cha maji. Hapo ndipo chupa ya asubuhi inapoonyesha upungufu wake. Maji yaliyopotea unaweza kuyarudisha, lakini presha huwezi kuimimina. Gari lililojazwa hadi pomoni alfajiri, likiwa na tundu, bado litachemsha mapema kuliko inavyopaswa, na dereva atashangaa kwa sababu maji alitia.

Na kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu peke yake. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi huinua kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa, na la muhimu zaidi kwetu, hubeba dawa za kuzuia kutu. Ndani ya mfumo kuna alumini na chuma vikiogeshwa kwa maji ya moto pamoja, hali inayokaribisha ulikaji. Maji ya mfereji yana klorini, ya visima yana chumvi chumvi. Anayeongeza maji matupu kila siku anaizimua kulanti mpaka haina nguvu tena, na baada ya miezi kadhaa tundu moja alilokataa kulitafuta limepata ndugu zake ndani ya rejeta, kwenye pampu ya maji na kwenye vizibo vya bloku. Kwa hiyo ile kauli ya gari la zamani kunywa maji hujitimiza yenyewe. Gari linazeeka kwa sababu linanyweshwa.

Wapo wanaojitetea kwa mshale wa joto: haujapanda, kwa hiyo mambo ni sawa. Kwanza, Vitz nyingi zilizojaa mitaani kwetu hazina mshale. Zina taa, ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa imekwisha kuungua, na katikati ya rangi hizo mbili dereva haambiwi lolote. Pili, sensa hupima joto la maji yanayoigusa. Maji yakishuka chini yake, inabaki imezungukwa na mvuke na hewa, na inaweza kutoa jibu la utulivu wakati silinda hedi inapinda. Hedi ya alumini haihitaji kupinda sana. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota kipimo kinachokubalika ni milimita 0.05, chini ya unene wa unywele wa watu wengi. Zaidi ya hapo inapelekwa kusawazishwa kwa mashine, na bili imehama kutoka kwenye klipu ya mpira hadi kwenye injini nzima.

Sasa tuje kwenye kutafuta, maana hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika, na hufanyika kwa nia njema. Gari likifikishwa gereji kwa ajili ya maji kupotea, agizo la kwanza mara nyingi ni kwamba lipelekwe likaoshwe injini ndipo lirudi. Hilo ni kufuta ushahidi. Kulanti inayovuja polepole hukauka na kuacha ukoko: wa waridi, wa kijani au mweupe kama chokaa, kutegemea kilichokuwa ndani. Ukoko huo huanzia pale palipo na tundu na kushuka kwa njia ya maji au kurudi nyuma kwa njia ya upepo. Fundi mwenye subira huufuata kwa kurunzi na kioo kidogo kutoka chini kwenda juu, mpaka afike mahali ambapo juu yake hakuna ukoko tena. Mashine ya kuoshea ikishapita, miezi ya maandishi imeondoka kwenye mtaro. Kuosha kuna wakati wake, nao ni baada ya kutazama.

Halafu, gari hutazamwa likiwa limezimwa na limepoa, boneti juu, watu wanne wameinama. Katika hali hiyo hakuna presha, na bila presha tundu dogo halitoi kitu. Wanaangalia mfumo ambao haufanyi kazi na kutangaza kwamba hauna kasoro.

Njia sahihi haina ugeni hapa mtaani. Fundi wa panchari aliyeketi kwenye kona ya barabara anaijua tangu siku yake ya kwanza ya kazi. Ukimpelekea gurudumu linalopoteza upepo taratibu, haliangalii likiwa bapa. Analijaza kwanza, analizamisha kwenye karai la maji, analizungusha, na mapovu yanamwambia mahali. Hakuambii kwamba tairi la zamani lazima linywe upepo. Hakuambii ununue rimu kwanza halafu tuone. Nataka kuuliza kwa nini tunamdai mtu wa panchari ushahidi wa macho, kisha kwa injini yenye thamani mara nyingi zaidi tunakubali kubahatisha.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo kwenye rejeta ni pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia, inayofungwa pale kinapokaa kifuniko. Injini ikiwa baridi kabisa, mfumo ukiwa umejazwa, unapiga pampu mpaka ufikie presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe, kisha unaacha. Mshale ukisimama tuli, mfumo unashika. Ukianza kushuka, maji yanatoka mahali sasa hivi, injini haijawaka, hakuna feni inayopuliza wala chuma kinachoyakausha, na mikono yako inaweza kupita kila pahali bila kuungua. Katika hali hiyo hata uvujaji wa tone kwa dakika huonekana. Uvujaji ukiwa mgumu zaidi kuonekana, liache gari na presha yake kwa saa kadhaa, na karatasi safi chini.

Pa kutazama panajulikana. Pampu ya maji ina kitundu chini yake kilichowekwa makusudi ili sili ikichoka maji yatokee hapo. Ukoko wa waridi chini ya pampu ni taarifa kamili. Mshono ambapo tangi la plastiki la rejeta limebanwa kwenye alumini hupasuka kwa ufa usioonekana, unaofunguka au kujifunga kadiri joto linavyobadilika. Mipira nayo ina umri wake. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo waagizaji wengi huleta la miaka 7, na gari tunaloliita jipya likishuka Mombasa lina mipira iliyopikwa miaka saba Japani. Klipu zake za springi zimelegea, na nyingine huvuja asubuhi tu wakati wa baridi, kisha mpira ukipanuka zinaziba. Mahali panaposahaulika kuliko pote jijini ni hita. Dereva wa Nairobi anaweza kumiliki gari muda mrefu bila kuiwasha, lakini katika magari mengi maji hupita humo wakati wote. Zulia la upande wa abiria likiwa na unyevu, kioo cha mbele kikipata ukungu wenye mafuta mafuta, na ndani pakinuka utamu fulani, mafichoni pamepatikana, na hakuna tone litakaloonekana chini ya gari hata ukikesha.

Kifuniko chenyewe hupimwa kwa pampu hiyo hiyo. Springi yake ikichoka, mfumo utasukuma maji nje kila siku na hakuna mpira wenye kosa. Na hapa nataka kusisitiza jambo ambalo linaunguza watu: kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, kwa sababu presha ikiachiliwa ghafla maji yaliyo juu ya kiwango cha kuchemka hulipuka kuwa mvuke usoni mwa aliyefungua.

Hayo yote yakifanywa na mshale bado unashuka pasipo unyevu popote nje, ndipo gaskiti ya hedi iingie mazungumzoni. Kwetu huingia kwanza. Maji yakipungua bila tone kuonekana, mtu hutamka "gaskiti" kabla ya kugusa kurunzi, na mwenye gari huenda nyumbani akihesabu ng'ombe wa kuuza. Gaskiti nayo ina vipimo vyake. Kuna kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ambacho hubadilika kuwa njano kikikutana na gesi ya mwako. Kuna kutoa plagi, mfumo ukiwa na presha, na kutazama kama silinda moja ina maji. Kufungua hedi bila vipimo hivi ni kubahatisha kwa kutumia pesa za mtu mwingine.

Na dawa za mkato? Kuondoa thamostati ili gari lipoe kunashauriwa kila siku. Katika injini nyingi za Toyota thamostati hiyo ina kazi mbili, kufungua njia ya rejeta na kuziba njia ya mkato. Ukiiondoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta hata kidogo, na kwenye mlima gari huweza kuchemsha zaidi. Kwenye safari fupi asubuhi hali ni kinyume, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na oili inachafuka. Dawa za kuziba zinazomiminwa kwenye rejeta, pamoja na yai bichi, hazijui kutofautisha tundu baya na njia nyembamba za rejeta na hita zinazotakiwa kubaki wazi. Nazikubali katika hali moja, gari likiwa limekwama usiku mbali na msaada na linatakiwa kufika tu.

Nakuja kwenye hoja nzito kuliko zote, ambayo si ya kiufundi. Dereva wa teksi au wa Probox ya mizigo atasema: maji ni ya bei ndogo, kutafuta kunachukua nusu siku, na nusu siku ni chakula cha watoto. Simdharau anayesema hivyo. Baba Dogo ni mtaa wa watu wanaohesabu, wengi wao wakifanya kazi za viwandani au za jua kali, na gari moja linaweza kulisha nyumba mbili. Lakini hesabu hiyo imekatwa mapema mno. Mwenye gari asiyetaka kulipia nusu siku ya kutafuta ndiye atakayenunua rejeta ya mtumba Kirinyaga Road, akaikuta haikuwa kosa, akanunua pampu, akabadilisha kifuniko, na mwishoni hedi ikafunguliwa. Kila spea kati ya hizo ilikuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyelipwa kuliuliza. Kuongeza maji ni rahisi kwa siku, na ni ghali kwa mwaka.

Tena kuna gharama isiyo ya mwenye gari. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu. Katika ploti zetu magari hulala pale pale watoto wanapochezea na mbwa wanapolamba sakafu. Anayesema uvujaji kidogo hauna madhara na awaangalie wanaoamka kabla yake.

Lawama yote simtupii fundi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya mwaka 1972 iliwataka wakubwa wauone uchumi huu wa jua kali, usio rasmi, kuwa na akili na tija, na leo fundi wa mtaani anaweza kupimwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda na kupata gredi yake. Lakini cheti hicho hakimlipi kwa kutazama. Mteja wa Nairobi hulipa kitu kinapofungwa kwa spana. Fundi akitumia saa tatu na kioo na kurunzi, kisha akakaza klipu moja, mteja hulalamika: unanidai pesa zote hizo kwa kukaza klipu? Basi fundi amejifunza kutoka kwetu. Anabadilisha spea kwa sababu spea ndiyo inayolipwa, na anasema gari linakunywa maji kwa sababu jibu hilo halimgharimu muda ambao hatalipwa.

Kwa hiyo bei ya kupima iandikwe ubaoni, kando ya bei ya oili na ya breki, na isimezwe na bei ya kutengeneza. Mafundi wa banda moja wachange wanunue pampu moja ya presha, inawatosha wote. Mteja asimame, aonyeshwe mshale ukishuka na mahali maji yanapochungulia, kama anavyoonyeshwa mapovu kwenye karai. Akiambiwa kwamba ni mpira wa hita na mwezi huu hana pesa za kuubadilisha, alipe ya kupima na aondoke. Anajua sasa kwamba si gaskiti, anajua ni spea gani atafute, na anajua asipande na gari hilo Limuru kabla ya mwisho wa mwezi.